Moto wa Athanas na Ng'ombe wa Watu

Mimi gazeti silisomi, nasomewa. Kijiweni kwetu Nyasubi msomaji ni Mabula, tunamwita Redio, maana ukishamwasha huna pa kumzimia. Asubuhi moja ya mwaka wa hamsini na sita alikaa kwenye benchi la Mama Sikujua, muuza kahawa, akakunjua gazeti, akakohoa kama hakimu.

"Sikilizeni. Limeandika hivi: mkulima mmoja wa hapa Kahama, kwa jina Athanas, anapika ugali kwa mavi ya ng'ombe."

"Hiyo nayo ni habari?" Mama Sikujua akasema. "Tangu mapori ya karibu yafyekwe kufukuza mbung'o, nani hapa hapiki kwa mavi? Hii kahawa mnayokunywa nimeichemsha kwa mabua ya pamba na mavi makavu. Mbona mimi hawajaniandika?"

"Mama, vuta subira. Haya ni mavi mabichi. Yanakorogwa na maji, yanatiwa shimoni, yanafunikwa kwa pipa, yanachacha kama pombe ya mtama. Yakichacha yanatoa hewa, hewa inapita kwenye mpira mpaka jikoni. Unawasha kibiriti, moto wa buluu. Moshi hakuna."

"Hewa ya mavi ndiyo inawaka?" akauliza Januari.

"Ndiyo hiyo."

"Basi tumshukuru Mungu mama mkwe wangu havuti sigara."

Tulicheka mpaka benchi likataka kutuangusha. Athanas mwenyewe alikuwepo, amekaa pale nchani, ikabidi aweke kikombe chini. Huyu bwana alikuwa fundi bomba mgodini Geita miaka saba. Wenzake walirudi na suti na baiskeli, yeye akarudi na mabomba chakavu na mpira, tukamcheka mwaka mzima. Leo mkewe Scolastika hatafuti tena kuni, na macho yake yaliyokuwa mekundu kwa moshi yamekuwa meupe kama ya bibi harusi.

"Ila shimo nililichimba kubwa mno," Athanas akasema. "Linakula kuliko mimi. Ng'ombe wakipungua zizini kwangu, moto unazima, Scolastika anarudi porini. Na ameshaniapia kwamba siku hiyo anarudi kwao, haishii porini."

Hapo Januari akaacha kucheka. Januari tunamwita Tajiri, na yeye huwa anajifanya hasikii.

"Athanas, hebu nikuulize. Hao ng'ombe ni wa nani?"

Sasa nieleze kidogo. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawalundiki zizi moja. Huwagawa kwa majirani wamtunzie, ili ugonjwa ukipita huku, kule wabaki. Mtunzaji anakunywa maziwa na samadi ni yake, mwenye mali anachukua ndama. Ndivyo walivyofanya babu zetu, na hakuna aliyewahi kugombania mavi.

"Baadhi ni wako, Tajiri," Athanas akajibu kwa adabu.

"Basi na moto ni wangu. Nataka mpira mmoja uje mpaka jikoni kwangu."

"Kwako ni maili mbili."

"Nunua mpira mrefu. La sivyo kesho nakuja kuwachukua ng'ombe wangu."

Redio akaingilia, "Lakini Tajiri, mila inasema samadi ni ya mtunzaji."

"Mila ilisema samadi. Haikusema moto. Babu zangu wangejua mavi yanawaka wangeyafungia sandukuni. Mwanangwa yupo hapa, aamue."

Mwanangwa Donatus, mkuu wa kijiji chetu, alikuwa anatafuna kashata na kujifanya anaangalia barabara. Ndiye aliyekuwa akipita kila boma na daftari la serikali kuhesabu ng'ombe. Siku hizo aliyeonekana ana wengi alilazimishwa kupeleka sehemu mnadani, ati wanamaliza majani. Kwa hiyo hesabu ilikuwa kitu cha kunong'onezwa.

"Januari, kunywa kahawa," Mwanangwa akasema.

"Nimeshakunywa. Amua. Pale nina ng'ombe ishirini na wawili, nawajua kwa majina. Kuna Kibaka, kuna Mawingu na binti zake watatu, kuna Mchumba..."

"Januari."

"...kuna Chongo, kuna Malkia, huyo peke yake anajaza ndoo mbili kwa siku, na simsemi Ngoma, Ngoma akiinua mkia watu wanahama."

"Tajiri," Redio akamwambia taratibu, "mwezi uliopita ulimwambia Mwanangwa una sita. Uliapa na kushika ardhi."

Januari akajibu, "Nilimaanisha sita wenye afya."

"Daftarini sita," Mama Sikujua akasema huku anasuuza vikombe. "Na zizi la Athanas, Mwanangwa, uliandika wangapi?"

"Wanne," Mwanangwa akajibu, akiangalia kashata.

"Wanne. Juzi nilikwenda kuuona huo moto. Sijui kusoma, lakini kuhesabu najua. Hao wanne walijaza zizi mpaka nikakosa pa kupita. Tena kuna fahali mwekundu, pembe moja, amekaa katikati kama jumbe. Nilimuuliza mchungaji ni wa nani, akaangalia mbinguni. Mwanangwa, yule ni wa nani?"

Redio akalificha gazeti chini ya paja. Mimi nilikuwa nasubiri kucheka, nikainamia kikombe changu, maana na mimi nilikuwa na mitamba miwili palepale, na daftarini nimeandikwa masikini.

Mwanangwa akasimama, akajifuta makombo kifuani. "Nimeamua. Mila ni mila. Mavi ni ya anayeyazoa, na kinachotoka kwenye mavi, kiwe mboga, kiwe moto, ni chake. Ng'ombe wabaki walipo. Asiyeridhika aje ofisini, nitafungua daftari tuanze upya na yeye."

"Nimeridhika," Januari akasema haraka. "Tena sana."

Athanas alishukuru, akainama, akamwamkia shikamoo kila aliyemzidi umri. Kisha akakaa tena, pole pole, kama fundi anayeona bomba limekubali kukaza.

"Wazee wangu, kuna dogo moja limebaki. Lile shimo linakunywa ndoo ishirini za maji kila siku, na kisima mnajua kilivyo mbali. Mgongo wangu umechoka, na nikichoka huwa naongea ovyo. Nilikuwa nafikiri, kila mwenye ng'ombe pale kwangu..."

Hakumaliza. Nilimwona Januari anakunja mikono ya shati. Redio, ambaye hata kuku sikuwahi kujua anao, alikuwa ameshaazima ndoo ya Mama Sikujua.

"Tuanze saa ngapi?" Mwanangwa akauliza.