Dakika Kumi za Ngozi Kunywa

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Ngozi Yako,
Gazeti la Jumamosi.

Ndugu Mhariri,

YAH: MAFUTA YA USO NA MADHARA YAKE NYUMBANI KWANGU

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, na uso wako mkavu.

Mimi si mtu wa kuandikia magazeti. Barua yangu ya mwisho ya malalamiko ilimhusu jirani aliyekuwa akianika mablanketi mbele ya dirisha la studio yangu, na jirani huyo alihama mwenyewe kabla sijapata bahasha. Lakini safari hii maji yamenifika shingoni, au tuseme mafuta.

Nijitambulishe. Ninapiga picha ndogo, zile za pasipoti, vitambulisho na leseni. Huu ni mwaka wa thelathini watu wanakaa kwenye stuli yangu mbele ya shuka jeupe, nami nawaambia maneno yaleyale: kaa wima, tazama mbele, funga mdomo, usicheke. Ndiyo maana mtaani wananiita Mzee Usicheke. Nina mke mmoja, ambaye hukaa kwenye dirisha la malalamiko la ofisi ya maji, na kwa hiyo ni msikilizaji aliyefuzu. Nina pia mama mkwe, anayeishi nasi chumba cha mbele. Watoto wameshajitegemea.

Miezi mitatu iliyopita ukurasa wako ulitoa makala kuhusu kujipaka mafuta ya uso kila siku. Mimi sikuisoma. Aliyeisoma ni mke wangu, akaikata kwa mkasi, kisha akaja sebuleni kunieleza masharti yake. Kwamba jioni mtu anawe uso, apake losheni ngozi ikiwa bado na unyevu, halafu adondoshe matone matatu ya mafuta kiganjani, ayapashe joto kwa kusugua viganja, ayabonyeze usoni taratibu. Baada ya hapo akae dakika kumi kimya, bila kuongea, bila kucheka, bila kuongeleshwa, ili ngozi inywe.

Narudia: ili ngozi inywe. Nilimuuliza mke wangu kama makala inasema popote mume naye anywe nini wakati huo. Hakunijibu, kwa sababu dakika zilikuwa zimeshaanza.

Wapo watakaosema unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi siamini hivyo. Unatupaka kwa mdomo wa chupa kabisa, na hapo ndipo lilipo tatizo langu. Naomba nieleze madhara niliyoyapata, nikianza na yale ninayoweza kuyavumilia.

1. Foronya. Tulikuwa na foronya sita nyeupe, zawadi ya harusi kutoka kwa shangazi yangu, tulizozitunza pamoja na vyeti. Sasa kila moja ina alama ya shavu. Hata ya kwangu inayo, na mimi sijipaki chochote, jambo linaloonyesha kwamba mafuta haya hutembea.

2. Kazi. Huenda hujui, Ndugu Mhariri, uso ni kitu gani kitaalamu. Uso mzuri ni kama ukuta uliopakwa chokaa: unapokea mwanga, haurudishi. Wanaotoa vitambulisho wana sheria zao, na picha ikiwa na doa la mwanga kwenye paji la uso wanairudisha. Zamani mteja aking'aa nilimgusa mara mbili kwa sponji ya poda, mambo yakaisha. Tangu makala yako itoke, poda haishiki. Inateleza, inajikusanya kwenye nyusi, na mteja anaonekana ametoka kuangukiwa na gunia la unga.

Juzi nimerudishiwa picha za karani mmoja wa benki kwa mara ya tatu. Kwenye paji lake zinaonekana taa zangu zote mbili, mwamvuli wa taa, na ukichukua kioo cha kukuzia utaniona mimi mwenyewe nimeinama nyuma ya kamera. Sasa ile ni picha ya nani? Nilimwomba kwa heshima zote afute uso kwa spiriti. Akanitolea macho, akasema ngozi yake ina kiu. Nikajua huyu ni msomaji wako.

3. Umri. Mke wangu ana miaka hamsini na miwili, mimi nina hamsini na minne. Tulikubaliana, ingawa hatukuandikiana, kwamba tutazeeka kwa mwendo mmoja. Wiki iliyopita aliniletea chakula studio. Akaingia mteja, fundi umeme mwenye adabu zake, akaniamkia mimi shikamoo kwa kichwa kilichoinama, kisha akamgeukia mke wangu, akasema, "Mambo, dada." Nilichanganyikiwa nikampiga picha nane badala ya nne.

Mama mkwe naye, mwenye miaka sabini na mitatu, alikataa kuachwa nyuma. Anajipaka asubuhi na jioni, na tangu hapo wanaokuja kusoma mita wanamuuliza kama mama mwenye nyumba yupo. Siku moja tulimpeleka hospitali kuchukua dawa zake za presha. Muuguzi akatutazama wote watatu, akavuta kiti pekee kilichokuwepo, akanikalisha mimi. Nilikaa. Ningefanya nini, mbele za watu? Mama mkwe alisimama saa nzima akimeremeta.

4. Taifa. Hapa naomba usome polepole. Kitambulisho kina maana kwa sababu uso wa mtu unachakaa kwa utaratibu unaojulikana. Leo nampiga mtu picha, baada ya miaka kumi anarudi amepungua hapa na kuongezeka pale, nampiga nyingine, na serikali inajua miaka kumi imepita. Sasa watu wakianza kurudi vilevile walivyoondoka, picha mpya ya nini? Kwamba mimi nitakosa kazi, hilo ni dogo. Tazama mbele kidogo. Mstaafu atajulikanaje kwamba amestaafu? Nani atampisha nani kiti? Kikao cha ukoo kitaitishwa, watu watakaa kwa duara wote wanang'aa, asijulikane wa kuanza kusema ni nani, na kitavunjika kabla ya chai. Wajukuu watamsalimia babu yao kwa kumpiga bega. Ndani ya miaka ishirini hatutakuwa na mzee hata mmoja, tutabaki na watu waliokaa muda mrefu tu. Nchi haiendeshwi hivyo, na watakapotafuta chanzo watakuta ni matone matatu kiganjani.

5. Hoja ya tano nilikuwa nayo tangu asubuhi. Nilikuja njia nzima nikijisemea ili isinitoke. Nilipofika nyumbani nikataka kumwambia mke wangu anishikie, lakini alikuwa ananywesha ngozi. Imepotea. Naomba uihesabu hivyohivyo, maana ilikuwa nzito kuliko ya nne.

6. Kimya. Hii ndiyo iliyonishikisha kalamu, nami nimezunguka sana kuifikia kwa sababu naona haya.

Mimi kazini siongei. Maneno yangu ya siku nzima ni yale niliyoyataja hapo juu, nayarudia kwa kila anayeketi. Ya kwangu mwenyewe nayabeba hadi nyumbani. Kwa miaka ishirini na sita nimekuwa nikifika jioni, navuta kiti jikoni, namwaga yote. Habari za mama aliyekuja na kitoto kisichotaka kufumbua macho. Habari za bwana aliyetaka nimpige picha upande mmoja tu kwa kuwa upande wa pili amegombana nao. Habari za balbu iliyoungua na yule muuza karatasi anayenipa ahadi za uongo. Mke wangu akikata vitunguu, akiosha vyombo, ananisikiliza. Sijawahi kuona mtu anayesikiliza vile. Ninapomaliza najihisi mwepesi, nakula na kulala usingizi mzuri.

Sasa naingia jikoni namkuta ameketi kwenye stuli, mgongo umenyooka, anatazama mbele, amefunga mdomo, hacheki. Ndugu Mhariri, hiyo ndiyo picha ninayoitengeneza mchana kutwa, nami nikifika nyumbani naikuta imenitangulia.

Nimejaribu kujikaza kisabuni. Nilijaribu kusubiri, lakini habari zangu si za kukaa. Baada ya dakika kumi yule bwana wa upande mmoja hachekeshi tena, na ninajisikia mjinga kumweleza. Nilijaribu kuhamia kwa mama mkwe, nikamkuta naye ameketi chumbani kwake vivyo hivyo. Nilijaribu kumchekesha mke wangu kwa nguvu, nikamwigizia mteja aliyepigwa picha kikaratasi cha bei kikiwa kinaning'inia kwenye tai. Midomo aliibana, mabega yakatikisika, akanyoosha kidole kuelekea saa ya ukutani. Nilijihisi mteja. Jana nilijikuta nalieleza birika la chai mambo ya balbu, na lilikuwa halijachemka hata kidogo.

Naumia, Ndugu Mhariri. Naomba niliseme wazi, kejeli pembeni. Sina mtu mwingine wa kumweleza mambo yangu, na wala sitafuti mwingine. Umetoa amri ya kimya katika nyumba usiyoijua, ukanipokonya masikio pekee niliyokuwa nayo, ili shavu lipate kunywa.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo:

(a) Utoe masahihisho, ukurasa uleule na kwa herufi zilezile, kwamba ngozi haina kiu.

(b) Mafuta haya yahamishiwe kwenye viwiko na visigino, mahali ambapo hakuna ofisi inayodai picha.

(c) Likishindikana hilo, dakika kumi zipunguzwe ziwe nne. Nimejipima kwa saa na naweza kuvumilia nne, mradi nianze kuongea nikiwa bado koridoni.

(d) Hata hilo likishindikana, basi angalau mwenye mafuta usoni aruhusiwe kutikisa kichwa.

Naomba uwafikishie salamu wenzako wote hapo ofisini, mchora vibonzo, wanaosahihisha makosa ya chapa, na yule anayeandika utabiri wa nyota. Huyo mwambie aliniahidi mazungumzo matamu mwezi uliopita na bado nayasubiri. Mama mkwe angekusalimu, ila muda huu haruhusiwi kusema.

Ni mimi, mwenye uso mkavu kwa hiari,

Mzee Usicheke,
Mpiga picha za vitambulisho.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshabandika stempu kwenye bahasha nilipokumbuka kwamba tahajia zangu husahihishwa na mke wangu. Nikamwekea barua mezani ndani ya dakika zake kumi, kwa hoja kwamba kusoma si kuongea. Akaisoma yote na kalamu nyekundu mkononi. Kwenye ya tatu mabega yalimcheza. Kwenye ya sita akaiweka kalamu chini.

Aliinuka dakika hazijaisha, akafungua droo, akanipa kile kipande cha gazeti lako. Ndiyo kwanza nimekisoma kwa macho yangu. Umeandika kunawa, umeandika losheni, umeandika matone matatu na kubonyeza taratibu. Umeandika kwamba mafuta yatazama ndani ya ngozi kwa muda wa kama dakika moja, na mtu aendelee na shughuli zake. Hakuna kimya. Hakuna dakika kumi. Hata hilo neno la ngozi kunywa si lako. Nilikigeuza nikatazama na upande wa nyuma, nikakuta tangazo la magodoro.

Nikamtazama mke wangu. Akasema, "Kimya nilikiongeza mimi. Watu themanini wananilalamikia kutwa. Nikifika hapa, wewe ni wa themanini na moja. Hakuna anayeniuliza mimi."

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, hoja ya sita naiondoa, na zile nyingine zilikuwa zinaisindikiza tu. Samahani sana kwa usumbufu. Nilivuta stuli, akanipaka matone mawili badala ya matatu kwa sababu ya ndevu, tukamalizia dakika zilizobaki tukiwa tumetazama mbele, mimi na yeye. Zilipokwisha nikafungua mdomo kuanza habari za mchana wangu, nikaufunga. Nikamuuliza siku yake ilikuwaje.

Nilimuuliza saa kumi na mbili na nusu. Sasa inakwenda saa mbili na bado hajafika mchana. Ninaishia hapa, ameniona nimeshika kalamu.