Malalamiko Kuhusu Wapelelezi wa Denmaki na Sufuria ya Harusi

Kwa Dada Mumbi,
Mwenyekiti, Kamati ya Burudani,
Kanisani kwetu, Hyattsville, Marekani.

Dada mpendwa katika Bwana,

Natumai barua hii itakukuta mzima, ingawa mimi ninayeiandika si mzima sana. Ijumaa moja mwezi uliopita kamati yako ilituonyesha filamu ya wapelelezi wa Denmaki, wale wanaofufua kesi zilizosahaulika. Mvua haikatiki, hakuna anayewasha taa, na watu hawasalimiani. Nilidhani mke wangu Chepkoech amesinzia. Kumbe alikuwa anajifunza kazi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kesho yake Chepkoech alifungua ofisi katika chumba cha kufulia. Alibandika ukutani picha za harusi ya Makena, mwenzetu wa hapa kanisani, akaziunganisha kwa uzi mwekundu. Kesi aliyoifufua ni ya sufuria yangu kubwa, zawadi ya mama mkwe, iliyopotea siku ya harusi hiyo miaka mingi iliyopita. Ikawa nikitoka kazini sipewi chai. Naulizwa, "Simiyu, mara ya mwisho uliiona wapi?"

2. Mwizi mimi nilishampata zamani. Ni Ezekiel, rafiki niliyepanda naye ndege moja kuja nchi hii. Yeye ndiye aliyeonekana ameibeba. Tangu siku hiyo sijamsalimu. Chepkoech akaendesha gari hadi mji wa Falls Church kumhoji, akanywa chai yake, tena akaongezewa.

3. Kisha akamhoji Dada Malkia, mpambaji wa kanisa, aliyejifunzia Kiswahili chuoni na anakisema kwa usafi unaotuaibisha sisi tuliozaliwa nacho. Malkia akashangaa. "Sufuria? Ile inayoshikilia mti wa Krismasi? Ezekiel aliirudisha jikoni kwetu baada ya harusi, nikadhani ni mali ya kanisa." Wakaondoa kitambaa chekundu, ikawa ndiyo yenyewe. Kila Desemba nimeimba mbele ya sufuria yangu mwenyewe, huku nikimkazia macho Ezekiel.

4. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Uadui wetu ulikuwa umetulia vizuri. Yeye akikaa kulia, mimi nakaa kushoto. Akiomba kwa sauti, mimi nakohoa. Jumapili akanifuata mlangoni, akanishika mkono. "Simiyu, pole kwa sufuria." Pole nilipaswa kuitoa mimi. Kwa umri huu, adui mwingine anayenijua hivyo nitamtoa wapi?

Kwa hiyo naomba kamati ipige marufuku filamu zote za nchi za baridi. Tuonyesheni zile ambamo mwizi anakimbia, anakamatwa, nasi tunakwenda nyumbani. Kesi zilizolala ziacheni zilale.

Nisalimie watoto, kwaya nzima na Mchungaji. Chepkoech naye anakusalimu, na anauliza ni nani aliyetoboa ngoma ya kwaya.

Wako aliyenyang'anywa hasira,
Simiyu

N.B. Nasikia filamu ile ina sehemu ya pili. Tafadhali ionyeshwe Ijumaa hii, na mtuwekee mimi na Ezekiel viti vya mbele. Macho yake siku hizi hayafikii maandishi ya tafsiri yaliyo chini ya skrini. Nitamsomea.