Kamera ya Beberu Mmoja

Jumapili, 10 Agosti

Kanisa lilitoka saa saba. Mahubiri marefu, juu ya subira. Sikuyasikiliza vizuri kwa sababu Kathini alikuwa benchi la mbele na shingo yake ilikuwa inaonekana. Jumamosi hii ni ntheo yetu, siku ya kupeleka mbuzi wa posa kwao! Mbuzi watatu wako zizini: majike wawili na beberu mmoja mwenye ndevu za heshima. Bila hao watatu, kwetu Wakamba hakuna ndoa, hata mkae pamoja hadi mng'oke meno. Nimeenda kuwaangalia mara nne leo.

Kisha habari mbaya. Kathini aliniambia, macho yake pembeni, kwamba kaka zake wamemchagua Ndululu apige picha siku hiyo. Ndululu! Yule aliyemwandikia Kathini barua mbili tukiwa kidato cha tatu. Mwenye simu pana kama sinia, anayeweka jina lake kwenye kona ya kila picha. Eti nikizeeka niwaonyeshe wajukuu picha ya nyanya yao imeandikwa Ndululu. Haiwezekani.

Nimekula muthokoi kidogo tu kwa hasira. Sahani mbili.

Jumatatu, 11 Agosti

Suluhisho limepatikana. Bishar, mfanyabiashara wa mifugo hapa Zombe, ana kamera aliyoletewa na shemeji yake kutoka nje. Ndogo jamani! Inaingia mfuko wa shati pamoja na kitana, na kifungo bado kinafungika. Nilimwuliza anataka nini. Alisema yeye hushughulika na vitu vya miguu minne.

Beberu aliondoka saa nane mchana.

Sina wasiwasi. Nimefikiria yote. Kabla ya Jumamosi kuna siku nyingi. Mtu mwenye kamera ya kubebwa kila mahali hakosi kazi, na mwenye kazi hakosi beberu. Nitaijaribu kwa matumizi ya kila siku, kama wataalamu wanavyofanya. Ikifaulu, nitapiga picha za ntheo yangu mwenyewe. Mjomba Nzomo, ambaye ndiye msemaji wetu Jumamosi, sijamwambia. Ana presha.

Jumanne, 12 Agosti

Majaribio yameanza. Uzito: hakuna. Mara mbili nilidhani imepotea kumbe iko kifuani. Vitufe: vilitengenezewa vidole vya mtoto mchanga. Nikitaka kuiwasha, inapiga picha. Nikitaka kupiga picha, inazimika. Kioo: juani hakionyeshi kitu. Inabidi nijifunike koti kichwani ndiyo nione nilichopiga. Mama mmoja wa mboga aliniuliza kwa huruma ni nani amefariki.

Nimepiga picha arobaini na moja. Kidole changu kiko kwenye kumi na saba. Kimetoka vizuri sana, hata kovu la panga linaonekana. Huo ndio ubora.

Lakini zumu ni kiboko! Nilisimama kwa fundi wa baiskeli nikamvuta Ndululu kutoka ng'ambo ya barabara, akichokonoa meno. Akaniona. Akaja. Akaitazama kamera yangu na kuuliza kama inatumia betri za rimoti. Nilimwambia simu hupiga picha vile jembe huua nyoka: inaweza, lakini si kazi yake. Nilijipenda sana nikisema hayo. Alijibu kwamba nyoka wa Jumamosi ameshapewa yeye.

Jumatano, 13 Agosti

Siku ya soko. Mpango safi kabisa. Simu ya Bishar imepasuka kioo cha kamera, kwa hivyo mbuzi wake wote wanatoka na mstari usoni kama wamefungwa jela. Nilijitolea kuwapiga mbuzi wake thelathini picha awatumie mteja wa Garissa. Mteja akiwachukua, beberu wangu anarudi nyumbani. Bishar alikubali haraka. Nilishuku, kisha nikaacha.

Mbuzi si watu wa kuambiwa wasimame. Nilipiga mikia mingi. Niliwasha flashi na macho yao yote yakatoka kijani. Beberu wangu alikuwa bado kwenye zizi la Bishar. Alinitazama kwa muda. Picha yake ndiyo nzuri kuliko zote, amesimama upande kama chifu anayesubiri kukaribishwa.

Tulizituma kwa kompyuta ya duka moja la pale sokoni. Nimelala mchana kwa furaha.

Alhamisi, 14 Agosti

Mteja wa Garissa amejibu. Kumbe kila picha ina tarehe kwenye kona, rangi ya chungwa: 1 Januari 2010. Alimwuliza Bishar kama anamuuzia mbuzi au mifupa.

Bishar alicheka hadi akakaa juu ya gunia. Mimi pia nilicheka, kwa adabu. Kisha akasema mapatano ni mapatano, na mchana lori la mnunuzi mwingine likawachukua mbuzi wote. Na beberu wangu ndani.

Nimejaribu kurekebisha tarehe. Menyu imeandikwa kwa lugha yenye herufi kama vijiti vya kuwashia moto. Nilibonyeza kila kitu kwa ujasiri. Sasa kamera inalia kama ndege kila ninapoiwasha. Tarehe haijasogea hata siku moja.

Ijumaa, 15 Agosti

Niliamka na hofu ya kweli. Ndotoni nilimwona Kathini akiondoka na Ndululu na sinia lake la simu. Nikanywa chai. Nikaona njia.

Siku hizi watu hutuma kila kitu kwa picha. Hati za shamba, matokeo ya mtihani, kitambulisho. Dada yake Kathini alijifungua akiwa Qatar, akatuma picha, na ukoo mzima ukasema mtoto amepokelewa. Mbona mbuzi asipokelewe? Nimechapisha picha ya beberu, kubwa kama atlasi ya shule, nikaiweka nailoni isipate vumbi. Ile kona ya tarehe nimeikata. Ndevu zote zinaonekana. Beberu mwenyewe atafuata.

Mjomba Nzomo aliuliza kwa simu kama mbuzi wote wako tayari. Nilimwambia wamependeza.

Jumamosi, 16 Agosti

Tulifika kwao Kathini saa tano. Mjomba Nzomo alijua ukweli tukiwa langoni. Sitaandika aliyoyasema, yeye ni mzee wa kanisa.

Wazee waliketi. Babake Kathini, Mzee Mulei, aliomba waonyeshwe mbuzi. Jike. Jike. Kisha mimi nikasimama na picha. Nilieleza kwa ufasaha kuhusu teknolojia. Ndululu alikuwa ameinua simu, anarekodi kila neno. Mzee Mulei aliishika ile picha, akaigeuza nyuma, akauliza kwa upole wazee waanze kula upande gani.

Mjomba aliangalia viatu vyake. Kathini aliingia jikoni. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nampenda yule msichana tangu akiwa na sare ya shule, na nilikuwa nimembadilisha na kitu cha kuingia mfukoni.

Kaka zake walikuwa wanaturudishia majike wetu. Hapo Susu Kavindu, mamake Mzee Mulei, akasema tungoje kwanza. Alitaka kuona hiyo kamera iliyokula beberu. Nilijifunika koti pamoja naye, akaangalia. Nilikuwa nimempiga picha tulipoingia. Wakati ule kamera ililia kama ndege, yeye akatazama juu mtini kumtafuta huyo ndege, Kathini akamcheka, naye akacheka. Hawakujua nawapiga picha. Wamegusana mabega, meno yote nje.

Susu alikaa ndani ya koti muda mrefu. Alisema picha yake pekee ni ya kitambulisho, na mle anafanana na mtu aliyeiba kuku. Alisema simu ya Ndululu ikiinuliwa, uso wake unakuwa mgumu wenyewe. Hakuwa amewahi kujiona akicheka. Kisha akatoka na kutangaza kwamba majike watabaki, na beberu ataletwa baada ya wiki mbili, mzima, na ndevu zake. Mzee Mulei alifungua mdomo. Susu alimtazama. Akaufunga.

Kathini alinisindikiza hadi langoni. Alisema nikitaka kumuuza tena nimuulize kwanza, huenda yeye akapata bei nzuri. Kisha akanishika mkono. Alishika kwa nguvu, bado nausikia.

Jumapili, 17 Agosti

Video ya Ndululu imezunguka makundi yote hadi Ikutha. Kanisani watu walinionyesha picha za kuku wakaniomba niwapokee. Nilivumilia.

Lakini tazama! Baada ya ibada, Susu Kavindu aliwaleta wenzake wa kikundi cha akina mama. Kumi na moja! Wote wanataka picha za kucheka, na wote wanataka kuzishika mkononi, si kuziangalia ndani ya koti. Ndululu alisikia. Alirekebisha kola.

Jioni Mjomba Nzomo alileta beberu kutoka zizi lake mwenyewe ili ukoo usichekwe tena. Mweusi, mnene. Aliniapisha mbele ya mama yangu kwamba mbuzi huyu atafungwa hapa na hatatoka ila kwenda kwa Mzee Mulei. Niliapa. Nilimaanisha kila neno.

Jumatatu, 18 Agosti

Nilipita kwa Bishar kumsalimia tu. Kumbe shemeji yake alileta pia printa! Ndogo kama kitabu cha nyimbo. Unachomeka waya, picha inatoka hapo hapo ikiwa na joto. Bila printa, kamera ni nusu ya kitu, mtaalamu yeyote atakuambia. Nilimwuliza anataka nini. Akatabasamu.

Nilifikiria kwa utulivu, si kama wiki iliyopita. Akina mama kumi na moja. Siku kumi na mbili nzima. Safari iliyopita shida ilikuwa haraka.

Beberu wa mjomba aliondoka saa nne asubuhi.

Kathini amepiga simu mara tano. Nitampigia nikimaliza kuchapisha picha ya kwanza. Nataka iwe yake.