Tableti Isiyo na Sauti

Wasichana, leo nimejianika kama nepi kwenye kamba. Mchana kweupe. Na pegi nimezibana mwenyewe.

Esther aliuliza hapa kwenye grupu juzi: amepata pesa kidogo, anunue tableti au laptop? Kila mtu akajibu lake. Mimi nikasema ngojeni Jumamosi, niko na tableti, nitawatumia video niwaeleze ukweli wote. Basi video ilitengenezwa. Imetazamwa pia. Ila si na nyinyi.

Wacha nianze mwanzo. Anayetaka kucheka acheke saa hii amalize.

Mnajua nilikuja Nyeri kwa sababu Baba Neema alihamishiwa huku na kazi yake ya polisi. Tukapanga nyumba hapa mtaa wa Skuta, tukanunua kitanda, na kabla godoro halijazoea wakampeleka Marsabit. Mimi na mtoto tukabaki na kitanda. Kurudi kwa mama kule Webuye siwezi, maana niliondoka kwa kelele nikisema sasa naenda kwangu. (Kwangu ndipo hapa. Chumba kimoja na kona ya jiko.)

Nyumba za ploti yetu zimeshikana. Ukuta mmoja, dari moja, na waifai moja ambayo mwenye nyumba ametuwekea sote. Jirani yangu wa ukutani ni Mama Njeri. Mama Njeri ana TV kubwa kama mlango, na kila Jumamosi mchana akina mama wa hapa hukutana kwake kwa chama chao. Wanapika chai ya tangawizi, harufu inaingia kwangu bila kubisha hodi. Wanacheka hadi vikombe vyangu vinatikisika. Tangu nihamie sijaalikwa hata siku moja. Nikipita wanasema, "Mama Neema, uko poa?" Nami nasema niko poa. Halafu wao wanarudi kwa Kikuyu chao, na mimi narudi kwa mlango wangu. Siwezi hata kusema wamenikosea, na hiyo ndiyo inauma. Mtu akikukosea, angalau una la kuongea naye.

Sasa hiyo tableti. Baba Neema aliniahidi laptop, kwa sababu nimejiandikisha ile kozi ya kutunza hesabu, ya kusomea mtandaoni. Nilitaka nipate kazi, nitoke nyumbani, nisalimiwe na watu wazima. Alipokuja likizo akashuka na boksi jembamba.

Nikamwambia, "Hii si laptop."

Akasema, "Ni kitu kimoja. Hii imepunguza tu uzito."

Akarudi Marsabit akiwa na amani yake.

Leo mtoto akalala baada ya chakula cha mchana, nikasema sasa ndiyo saa. Juu nikavaa ile blausi niliyovaa kwa harusi ya Nekesa. Chini nilikuwa na suruali ya mazoezi ya Baba Neema na soksi mbili mbili, maana baridi ya huku mwezi wa saba haina adabu. (Kamera inaanzia kifuani. Ndivyo nilivyodhani.) Tableti nikaiegemeza kwa pakiti ya unga, kwa sababu haiwezi kusimama yenyewe. Esther, andika hilo mahali.

Nikavuta chini ile pazia ya juu ya skrini nizime milio ya jumbe, nisikatizwe. Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale. Kikatokea kisanduku, kikaniuliza kitu kwa Kizungu kirefu. Sikusoma. Nikabonyeza ndiyo. Mimi nikiulizwa kitu nikiwa na haraka huwa nasema ndiyo. Ndivyo nilivyoolewa.

Nikarekodi. Na mnisamehe, lakini nilikuwa mzuri. "Hamjambo wapenzi watazamaji." Sauti ya redio kabisa. Nikaanza na sifa zake: ni nyepesi, chaji inakaa, stima ikipotea unaendelea na mambo yako, unaweza kusoma umelala huku mtoto ananyonya. Kama kazi yako ni kutazama tu, nikasema, tableti inakutosha na inabaki.

Halafu nikaingia kwa shida zake. Herufi za kuandikia ziko ndani ya kioo, na zikitokea zinafunika nusu ya ukurasa, unaandika kitu usichokiona. Kazi ya darasa ukiihifadhi, inaenda kujificha mahali ambapo hata tableti yenyewe haipajui. Wiki iliyopita nilijaza jedwali la hesabu kwa kidole, kimoja, asubuhi yote, nikagusa vibaya mara moja, likaenda. Na mtoto akiiona hajui masomo. Anajua katuni.

Hapo nikawaka. (Mnanijua.) Nikasema tableti ni kama bwana aliye Marsabit: picha safi, maneno matamu, lakini mtungi wa gesi ukiisha haiwezi kuubeba. Nikasema ni kama majirani zangu: inang'aa usoni, ukiigusa inafunguka, ila ukitaka kuishika sawasawa hakuna mahali pa kushika. Nikasema Mama Njeri ana TV kubwa kuliko moyo. Nikasema hiyo tangawizi yao serikali inafaa iipige marufuku. Kisha nikatabasamu vizuri, nikasema, "Basi ni hayo, kwaherini," nikainuka nikapika chai.

Nilipomaliza kunywa ndipo nikaona kile kidoti chekundu bado kinawaka. Nilikuwa nimesahau kuzima. Nikazima. Si kitu, nikajiambia, huo mwisho nitaukata kabla ya kuwatumia.

Nikaicheza niione. Mdomo unaenda, sauti hakuna.

Nikaongeza sauti. Hakuna. Nikaipeleka hadi mwisho kabisa, nikarudisha video mwanzo. Hakuna. Nikapuliza spika kama mtu anawasha makaa. Nikaizaba kofi kidogo, la upendo. Nikaanza tena mwanzo. Kimya. Nikampigia Baba Neema nimwambie kitu chake kimekufa, simu yake haipatikani. Kawaida. Nikaiacha hapo mezani, ikiendelea kutikisa mdomo bila kusikika na mtu. Tukatazamana. Kusema kweli tulifanana.

Ndipo nikasikia kelele kwa Mama Njeri. TV yao imefunguliwa mwisho, kuna mwanamke anafoka, sauti inapanda darini na kushukia kwangu. Maneno hayakushikika, ilikuwa mngurumo tu, lakini hasira yake ilikuwa ya kweli. Nikadhani ni ile michezo yao ya kuigiza ya mchana. Na huyo mama wa kwenye mchezo nikamhurumia, jamani. Nikajiuliza bwana yake amemfanya nini.

Kisha Neema akaamka akilia, na huruma ikaniisha.

Miezi yote hii nimemeza. Nimemeza vicheko, nimemeza tangawizi, nimemeza uko poa niko poa. Nikasema kelele leo simezi. Nikambeba mtoto kiunoni, na suruali yangu ya polisi, na soksi ndani ya slipa, nikaenda kugonga kwa Mama Njeri. Sikugonga kwa kidole. Niligonga kwa ngumi.

"Mama Njeri! Punguza hiyo TV! Kuna watu wako na watoto!"

Mlango haukuwa umefungwa. Ukafunguka wenyewe, pole pole, kama unanionea haya.

Akina mama walikuwa wamejaa kwenye viti, vikombe mikononi, hakuna anayekunywa. Hakuna hata mmoja aliyegeuka. Wote walikuwa wanatazama TV, basi na mimi nikatazama.

Alikuwa ni mimi. Mkubwa kama mlango.

Nilikuwa nimeshatoka mezani, kwa hivyo naonekana mzima mzima hadi suruali, nimeinama kwa jiko. Kumbe kile kisanduku cha Kizungu kilikuwa kinaniuliza kama nataka tableti yangu ionekane kwenye TV iliyo karibu. Na TV iliyo karibu ilikuwa moja. Sauti haikuwa imekufa. Ilikuwa imehamia kwa jirani, na mimi nikaiongeza hadi mwisho kwa mkono wangu.

Kwenye TV nikamimina chai kikombe kimoja. Halafu nikamimina cha pili. Nikakiweka upande ule mwingine wa meza, mbele ya kiti kisicho na mtu. Nikaketi. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sijawahi kujisikia nayo, "Ehe. Siku yako imekuwaje?"

Nikangoja. Nikatikisa kichwa, kama mtu aliyejibiwa.

"Yangu pia," nikasema. "Hakuna mtu ameongea na mimi tangu Jumatano. Na huyo alikuwa wa maziwa."

Ningependa kuwaambia nilizimia. Sikuzimia. Nilisimama hapo mlangoni na mtoto, nikijitazama nikipuliza chai. Neema akanyamaza kulia, akanyoosha kidole kwa TV, akasema, "Mama."

Ndipo wakageuka.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

"Mama Neema," Mama Njeri akasema taratibu, "hii TV iliniuliza kitu. Mimi nikajua ni ile ya kulipia chaneli, nikafinya okei."

"Kwanza tuliona wewe tu bila sauti," akasema mama mwingine, aliyeketi karibu na dirisha. "Ukajipanga nywele, ukajipanga. Tukadhani ni tangazo ya blausi."

"Halafu sauti ikakuja," Mama Njeri akasema. "Ile ya hamjambo watazamaji tumesikia mara tatu. Ile ya moyo yangu tumesikia mara moja. Lakini vizuri."

Nikatafuta pa kuweka uso wangu. Ukutani kulikuwa na uso wangu.

"Pole, Mama Njeri," nikasema. "Nilikuwa naongea na marafiki zangu."

"Na hiyo chai ya pili ni ya nani?" Aliyeuliza ni Shosho, mama yake Mama Njeri, ambaye amekuja kumtembelea kutoka Kiriaini. Amefunikwa blanketi miguuni, na ni yeye peke yake aliyekuwa bado anatazama TV, asipitwe.

"Ya Baba Neema," nikasema.

"Ako wapi?"

"Marsabit."

"Hiyo atapata imepoa."

Mtu akakohoa ndani ya kikombe. Mama Njeri akachukua rimoti, akafinya hapa na pale, nikapotea kwenye ukuta. Halafu akasema bila kuniangalia, "Sisi tulijua hutaki watu. Kila Jumamosi tukikutana unafunga mlango."

"Nafunga juu ya harufu ya chai."

"Harufu ya chai imekufanya nini?"

Jibu nilikuwa nalo, refu sana, lakini walikuwa wameshalisikia.

"Lakini hujamaliza," Shosho akasema.

"Kumaliza nini, Shosho?"

"Mjukuu wangu anaingia college, analia anataka hiyo tablet. Wewe ulianza kueleza vizuri kabisa, nikasema huyu msichana ako na akili. Halafu ukaingia kwa mabwana. Sasa mimi ninunue gani?"

Wote wakaniangalia. Nawaapia walikuwa wanangoja jibu. Tangu nifike Nyeri, hilo ndilo swali la kwanza nimeulizwa ambalo haliishii na poa.

"Laptop, Shosho."

"Kwa nini?"

"Laptop iko na mfuniko. Ukimaliza, unafunika."

Hapo ndipo walicheka. Walicheka hadi yule wa dirishani akamwaga chai, na Shosho akataka aelezwe tena kwa Kikuyu, akaelezwa, akaanza upya peke yake. Mimi nikageuka niende, maana machozi yalikuwa yamefika na nilikuwa nimeshaonekana vya kutosha kwa siku moja.

Mama Njeri akanifuata hadi mlangoni. Nikajua sasa ndiyo naambiwa yangu. Akamvuta Neema soksi iliyokuwa inatoka, akairudisha sawa.

"Jumamosi ile ingine," akasema, "ukuje kwa mlango. Usikuje kwa TV."

Sijui kama alikuwa ananialika au ananionya. Nimekaa hapa kitandani nikifikiria. Baba Neema bado hapatikani, ndiyo maana nawaandikia nyinyi haya yote kwa kidole kimoja, na herufi zimefunika nusu ya ninachoandika. Kikombe cha pili bado kiko mezani, kimeota utando juu. Huko ukutani wameanza tena kucheka. Siku zote nikisikia hivyo huwa naomba wasiwe wananicheka mimi. Leo nimejikuta natega sikio nisikie kama ni mimi.

Esther, nunua laptop. Nyinyi wengine, blausi ilionekana vizuri sana kwenye TV kubwa, na hilo tu ndilo mnaloruhusiwa kusema.