Komisyo ya Kadi Mbili na Batri ya Maternité

Watu wote wa Kamusonge, wake kwa waume, wajulishwe ya kuwa Komisyo ya Kulinganisha Kadi za Picha imeanza kazi, na ya kuwa hakuna kazi ingine yenye haraka kupita hiyo. Ndivyo Directeur Roger alivyotangaza mbele ya Biro ya Maendeleo ya Kisasa. Sisi wanakomisyo tulipiga mikono tukiwa tumesimama, sababu viti vilikuwa ndani.

Mimi, Mama Albertine, mujane, niliingizwa kwa sababu sheria inataka mwanamuke mumoja. Kazi yangu ilikuwa kufungua kikao kwa maombi na kukifunga kwa maombi. Bila maombi, kikao si kikao. Katikati nilikuwa ninaangalia.

Kadi ya picha ni kile kipande kinachoingia tumboni mwa ordinateur, yaani kompyuta, ili picha zikimbie bila kukwama. Ordinateur zetu mbili zilitumwa na jimbo ili tuchore barabara ya Kasongo na Kabambare, kipande kinachopita kwetu. Lakini mutu mwenye akili hachori na kadi asiyoipima, na kadi haipimwi kwa barabara mbaya. Kwa hiyo Komisyo iliweka muchezo wa mbio za magari, wenye lami safi. Directeur akashika kadi Nyekundu, sekretere Hervé akashika Nyeusi.

Kuhusu faida: Nyekundu ilikuwa ya bei ndogo, Nyeusi ya bei kali, na Nyeusi ilipita mbele. Directeur alitueleza kwamba kushindwa kwa bei ndogo ni akiba ya taifa. Alishindwa tena, akaokoa tena.

Kuhusu baridi: Nyekundu ilichoma mukono kama sahani ya bugali, Nyeusi ilibaki vuguvugu. Directeur akanipa ungo nipepee ya kwake. Hervé akapinga kwamba ungo si kipande cha kadi. Tulijadili ungo mpaka njaa ikatushika, ikapitishwa kwamba ungo ni ufundi wa kienyeji na unastahili kutiwa moyo. Nikapepea.

Kuhusu makelele, hapo ndipo kazi ilikuwa nzito. Grupu ya umeme, jenereta yetu, ilinguruma mpaka kadi zote mbili zikawa bubu. Komisyo ikaizima, ikatuma watu wachukue batri ya sola ya maternité, nyumba ya kuzalia, maana batri haisemi.

Léocadie, muzalishaji wetu, alifika mikono ingali na maji. Kule kwake alikuwa amelala Aimée, muke wa Wamaza, mimba ya kwanza, siku zimetimia. Akauliza taa ya maternité iko wapi.

— Taa iko kule kule, mama, Directeur akajibu. Ni batri njo iko huku.

— Na mutoto akikuja gizani? Nitashika tochi na meno?

— Kama tochi iko kwa meno, si mikono yote mbili iko huru?

Akamuahidi kwamba batri itarudi kulinganisha kukiisha. Kulinganisha hakukuisha, sababu kila mara Directeur aliposhindwa, matokeo yaliandikwa kuwa ya muda.

Halafu ikatoka Amri ya Kimya. Ilikatazwa kutwanga majani ya sombe karibu na biro. Kengele ya kanisa na mwito wa musikiti viliombwa kuvumilia. Pikipiki zote, bila ubaguzi, zizimwe kwenye bariere ya polisi ng'ambo ya bonde na zisukumwe mpaka kupita biro, kwenda na kurudi.

Niseme ukweli, amri hiyo iligusa desturi nzuri ya kwetu. Pikipiki ikilia kupanda kutoka bondeni, biro nzima inajua mukubwa anakuja, na kabla hajafika, muchezo umefungwa, kila mutu iko na bic mukononi. Ni namna ya kuheshimu mugeni. Lakini sayansi nayo ina masharti yake, na bariere ilikuwa na Abdoul, polisi wa swala tano, mutu asiyejua kupindisha neno.

Asubuhi moja uchungu ulimushika Aimée. Léocadie alirudi, akasimama karibu na batri. Mimi nilikuwa na ungo wangu. Mulangoni nikaona mugeni, matope mpaka magotini, karatasi za jimbo kwapani, na Abdoul nyuma yake akihakikisha pikipiki haiwashwi. Nilitaka kukohoa. Lakini kukohoa ni makelele.

Mugeni alisogea mpaka nyuma ya kiti cha Directeur, akaangalia lami inavyokimbia.

— Barabara nzuri hii iko wapi?

— Ni ya kwetu, Directeur akasema bila kugeuka. Ku rapport tulituma jimbo, iliisha tangu mwaka jana. Usinisumbue, Hervé iko ananipita.

Mugeni akaangalia viatu vyake.

— Basi njo ile nimetoka kusukumia pikipiki. Simama, Directeur. Tunaenda Kasongo sasa hivi, utanionyesha lami.

Hapo skrini zikazimika zote mbili. Léocadie alikuwa amechomoa nyaya. Tukaibeba batri, yeye upande, mimi upande, na hakuna aliyetuuliza, sababu wote walikuwa wanaangalia matope.

Nje, Directeur alipanda pikipiki ya biro. Abdoul akaweka kiganja juu ya ufunguo, kwa heshima.

— Abdoul, ni mimi.

— Ndiyo, Muheshimiwa. Ni Muheshimiwa njo alisema bila ubaguzi.

— Basi ninaondoa amri.

— Amri ya Komisyo inaondolewa na Komisyo, Muheshimiwa. Ikiwa imekaa.

Wanakomisyo wakanifuata maternité mbio na habari hiyo, nije nifungue kikao. Nilikuwa nimeshika taa juu ya Aimée. Niliwatuma wamwambie Directeur ya kuwa maombi nimeshayaanza, ila ya huku, na hayajafika Amina.

Basi akasukuma. Dirisha la maternité linatazama bondeni. Tulimwona akishuka, mugeni nyuma yake, Abdoul pembeni.

Kuhusu makelele, Komisyo haijatoa jibu mpaka leo. Mimi kama mwanakomisyo nilisikia sauti mbili: Directeur akihema kwenye matope, na mutoto wa Aimée akilia chini ya taa. Mutoto alimupita.