Mahameli ya Damu ya Mzee

Jumatatu, 28 Julai

Mungu akinichukua leo, mabibi harusi wote wa dunia watavaa magunia. Naandika hilo kwa utulivu, bila majivuno. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha. Kushona nimeanza juzijuzi hapa kwa Fundi Miwani, na tayari naona mzee hana jipya.

Leo kazi ya maisha yangu imeingia yenyewe mlangoni. Dada anaolewa. Ndiye aliyenilea tangu mama afariki, kwa hiyo anajua amelea nini. Hataki gauni jeupe. Kaja na picha ya mama siku ya harusi yake: gauni refu la mahameli, kiuno kimebanwa, kola ya duara, vifungo vidogo vimeshuka mgongoni kama ushanga. Picha haina rangi, ila dada analikumbuka gauni lenyewe, lilikaa kabatini mpaka panya walipolimaliza. Rangi ya damu ya mzee. Anataka lilelile. Asimame kama mama alivyosimama, apigwe picha moja tu ya kutundika kando ya ile.

Fundi Miwani akasema atalikata yeye. Nikamvuta dada pembeni, nikamwambia mzee macho yamekwisha, siku hizi anatunga uzi kwa kubahatisha. Dada akacheka. Akasema haya, nishone mimi, ila nisije nikamwaibisha mbele ya wifi yake. Huyo wifi ni dada mkubwa wa shemeji. Namwita Kipaza. Kashatangaza mtaa mzima kwamba bibi harusi asiyevaa nyeupe ana la kuficha.

Kipaza atanyamaza. Mimi ndiye nitakayemzima.

Jumatano, 30 Julai

Nimeshona gauni la majaribio kwa marekani, kitambaa cheupe cha bei rahisi. Limemkaa dada kama amezaliwa nalo. Fundi Miwani alilizunguka akitafuta kosa, akakosa, akaenda kunywa maji. Raha iliyoje.

Baadaye akanipa hotuba kuhusu mahameli. Akanishika mkono, akaupitisha juu ya kitambaa. Kwenda chini, laini kama paka. Kurudi juu, kinakwaruza. Akasema malaika yake, vile vinyweleo vya juu, yamelala upande mmoja, kwa hiyo vipande vyote vikatwe vikiangalia upande mmoja. Ukigeuza kimoja, nuru itakuumbua. Nikaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, huku nawaza mambo ya maana zaidi, yaani mimi nitavaa nini.

Jumamosi, 2 Agosti

Fundi Miwani yuko kitandani, mgongo umemkamata. Mkasi uko kwangu. Duka liko kwangu. Nimekaa kwenye kiti chake na kumfokea mteja mmoja ili nione inakuwaje. Inakuwa vizuri.

Nimetandaza mahameli mezani, nikapanga vipande kama mzee alivyosema. Kitambaa chote kikaisha. Nikakaa nikakitazama. Kaka wa bibi harusi, mbunifu wa gauni, aende ukumbini na shati la kazini? Watu watasemaje?

Ndipo kipaji kikashuka. Nikavipindua vipande vya nyuma, kichwa chini miguu juu, vikalala mzungu wa nne na vya mbele. Ajabu! Pembeni pakabaki nafasi pana, imekaa tu, inaniangalia. Kizibao kizima, mbele na mgongo, na mfuko wa leso.

Mafundi wa zamani walikuwa na kitambaa, hawakuwa na akili.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemaliza. Dada amelijaribu chumbani kwake, penye taa moja hafifu. Vifungo vyote vimekubali. Akajitazama kwenye kioo, akaishika ile kola. Halafu akasema mdogo wangu, umenirudishia mama.

Nikamwambia ni kazi ndogo. Nikatoka nje haraka, vumbi lilikuwa limeniingia machoni.

Kizibao nacho tayari. Kiko chini ya godoro, kinajinyoosha chenyewe.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa. Asubuhi nimelitundika gauni uani lipigwe na upepo. Nikalitazama mbele: damu ya mzee. Nikazunguka nyuma: damu ya kijana, tena kijana mwenye homa. Mbele limeiva, zito. Nyuma linang'aa, limepauka. Kama magauni mawili yaliyogombana yakalazimishwa kulala kitanda kimoja.

Nikalichana kwa brashi ya viatu. Likarudi lilivyokuwa. Nikalipuliza kwa mvuke wa birika. Likalowa, likakauka, likarudi lilivyokuwa. Jirani aliyekuwa anaanika nguo akauliza kama ni gauni la kuvaa pande zote mbili. Nikamwambia ashughulike na shuka zake.

Ijumaa, 8 Agosti

Fundi Miwani kaja anajikongoja. Kaliona kabla hajavua kofia, kwa macho yale yale niliyosema yamekwisha. Hakunifokea, na hilo limenikera kuliko kufokewa. Akauliza kama kuna kitambaa kilichobaki. Akipata cha kutosha mgongo wa juu tu, ataubadilisha leo leo, na sketi ya nyuma ataibana kwa mikunjo isimeremete sana.

Nikamwambia hakuna hata cha kufungia kidole. Si uongo. Kitambaa hakipo. Kilichopo ni kizibao.

Akaniambia basi nimwambie dada ukweli, achague mwenyewe. Nikasema nitamwambia. Nimekwenda kwake jioni na nimemwambia hivi: mabibi harusi wa zamani hawakuwapa watu mgongo, ilikuwa ni adabu. Ajitahidi asigeuke. Akasema hata mama alikuwa na adabu hiyo, akafurahi. Niliporudi, nikamwambia mzee kwamba dada kaelewa na kalipenda hivyo hivyo. Kila mtu ameridhika. Sioni kwa nini watu wanasema maisha ni magumu.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa nimejifungia stoo ya viti, ukumbini hapa hapa.

Tulianza vizuri. Niliingia nyuma ya dada, nimetanua mabega, nimemkinga kama ukuta. Akienda kushoto, niko. Akienda kulia, niko. Mjomba akauliza mimi ni kaka au askari. Mbele yake watu wakawa wanashika vifua. Shangazi aliyemjua mama alilia waziwazi. Kipaza mwenyewe akabaki kinywa wazi, hana pa kushika.

Madirisha ya ukumbi huu ni makubwa mno. Nani alijenga?

Mpiga picha akawa anapanga vyombo vyake. Mimi nikasogea kidogo tu, hatua za kawaida, nionyeshe kizibao kwa wasichana wa upande wa shemeji. Kipaza akaona upenyo. Akasema kwa sauti ile yake, haya wifi, hebu geuka nasi tukuone vizuri. Na dada kwa furaha aliyokuwa nayo akasahau adabu. Akageuka mzima, juani.

Kisha Kipaza akauliza kama gauni limeshonwa na mafundi wawili walionuniana. Kicheko kikaanza kwake, kikapita meza hadi meza. Shemeji akakohoa. Dada akawa anajipinda atazame mgongo wake mwenyewe, hauoni. Akaniuliza mimi kuna nini. Nikamwambia ni mwanga.

Kipaza hakuwa amemaliza. Akasema na huyu kaka mtu naye kapendeza, kavaa nini vile?

Dada akanijia. Polepole. Akapitisha kiganja mgongoni kwangu, kutoka shingoni kwenda chini. Laini kama paka. Fundi Miwani alikuwa meza ya pili, akavua miwani yake akaanza kuifuta, akaifuta na kuifuta. Dada hakunipiga. Laiti angenipiga. Alisema kimenikaa vizuri, akaenda zake chumba cha kubadilishia nguo.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelala vizuri, asanteni. Tuseme yaliyo kweli. Gauni halikuchanika. Vifungo havikukatika. Kosa ni la madirisha, na la Kipaza, ambaye jua kidogo tu linamtia wazimu. Fundi Miwani amenifukuza, lakini niliona dalili kwamba atanikumbuka. Msichana mmoja wa upande wa shemeji kaulizia nani alishona kizibao, kaka yake anaoa mwezi ujao. Nimemwambia walete mahameli. Ya kutosha.

Gauni dada kaliacha ukumbini juu ya kiti. Nimelichukua lisipotee. Nimelipima mezani hapa nyumbani: mgongo wake peke yake unatoa kofia mbili, na nikivipindua vipande, hata mkanda.

Jambo moja tu ndilo limeharibika kweli, nami nalisema. Jana dada alitoka kule chumbani amevaa gauni lake la kawaida la maua, akacheza, akacheka na watu. Mpiga picha alipomwita asimame kwa ile picha moja, akamwambia haina haja.