Ufukweni na Mama Mkwe

Jumanne, 3 Juni 2025

Leo nimepata akili! Si kawaida yangu kujisifu, lakini leo nimepata akili.

Kwanza hali ya nyumbani. Scholastika yuko kwao Issuna tangu wiki ya Pasaka. Sababu: mayai. Nilikusanya mayai yote ya kuku wake nikayaweka kwenye mashine ya kutotolesha niliyoiunda mwenyewe kwa friji bovu na balbu. Nilitegemea vifaranga. Tukapata mayai ya kuchemsha. Mke wangu hakugomba. Alimenya moja, akala, akafunga mzigo, akaondoka. Kuku wake nao akawachukua. Nimebaki hapa kijijini Mkiwa na jogoo mmoja, napika ugali mwenyewe, naula mwenyewe. Nyumba imekuwa kubwa mno.

Sasa. Redio imetangaza kwamba risoti mpya imefunguliwa kando ya ziwa la chumvi, nje kidogo ya Singida mjini. Heroe Risoti. Ufukwe, maduka, uwanja wa gofu. Gofu! Singida! Nikaipiga redio kofi nikidhani imeharibika. Wanauza nyumba za ziwani, na wakurugenzi watakaokwenda kusikiliza maelezo wanapewa siku tatu bure: mume, mke na mtoto mmoja. Nimepiga simu papo hapo. Nimejitambulisha: Mkurugenzi Urbano, wa Urbano Kuku Ekspoti. Hawakuuliza nina kuku wangapi.

Mpango: nampeleka Scholastika likizo ya ufukweni. Mwanamke gani wa Issuna amewahi kwenda likizo ya ufukweni? Atayeyuka. Atarudi nyumbani. Tatizo moja tu: binti yetu Emiliana yuko shule ya bweni Itigi, kwa hiyo nafasi ya mtoto inapotea bure. Hilo linaniuma kuliko nilivyotegemea.

Alhamisi, 5 Juni

Nimetoka Issuna. Nimechoka.

Nilimkuta Mzee Nathanaeli, baba mkwe wangu, anapiga alizeti uani. Nikamwamkia shikamoo nikiwa bado barabarani. Na nani alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri? Antipasi! Huyu ni mume wa mdogo wake Scholastika, mfuga nyuki wa Rungwa, mkwe asiyekosea. Kaja na ndoo ya asali. Kila akija anakuja na ndoo ya asali. Hata nyuki hawamuumi, naamini ni unafiki wao.

Nikaeleza habari ya likizo, nikasema nimegharamia yote mimi. Mzee akafikiri sana. Akasema Scholastika anaweza kwenda, ila mama yake ataongozana naye, aone kama nimekuwa mtu mzima. Tarehe ishirini na mbili kitakaliwa kikao: ama arudi Mkiwa, ama abaki Issuna moja kwa moja.

Mama Mkwe! Ufukweni!  Kwetu mtu na mama mkwe wake hawali meza moja. Hawashikani mikono. Hawatazamani usoni. Jina lake sijawahi kulitamka tangu nioe, miaka kumi na minne. Akiwa na neno kwangu anamwambia mtu mwingine nami nasikia pembeni. Kama hakuna mtu, anauambia ukuta. Sasa ukuta ufukweni utatoka wapi?

Nikiwa kwenye basi nimekumbuka: nafasi ya mtoto! Mama Mkwe ataingia pale pale. Akili imerudi.

Ijumaa, 6 Juni

Mungu wangu. Mungu wangu. 

Asubuhi kulikuwa na ule upepo wetu wa Juni unaokata masikio. Scholastika kavaa sweta la shule la Emiliana, kabeba begi la mgongoni. Ni mdogo wa umbo, lilimkaa vizuri. Mama Mkwe kavaa kitenge kipya, kanyooka. Aliolewa mapema yule mama na uzee haujamwona. Mimi kipara kimeshafika nyuma. Nataja haya ili ieleweke kwamba si kosa langu peke yangu.

Kule ndani si Singida. Mchanga mweupe umeletwa kwa malori ukamwagwa kando ya maji. Miavuli ya majani. Maduka ya vioo matupu. Nikawaacha wanawake kwenye mawe ya pale nje, nikaenda mapokezi peke yangu kupanga maneno ya kumbadilisha mtoto kuwa bibi. Dada wa mapokezi, Jenifa, hakunipa nafasi. Alichungulia nje, akapiga makofi, akasema karibu Mkurugenzi, mama yule amependeza, na binti yenu amefanana naye kabisa!

Nilifungua mdomo. Nikafikiria: nikikana, wataanza kuhesabu upya nani mke, nani mtoto, nani mgeni wa ziada. Tutarudishwa getini mbele ya Mama Mkwe, na ule uongo wa kugharamia utajulikana. Nikaitikia kwa kichwa. Kidogo tu! Mtu angeweza kudhani nafukuza nzi.

Chumba! Kitanda kimoja kikubwa. Juu yake taulo mbili zimekunjwa umbo la ndege wanaobusiana, na maua mekundu yamemwagwa hadi mlangoni. Pembeni chumba kidogo cha "binti". Mama Mkwe aliingia wa kwanza. Akamuuliza Scholastika ni nani amechafua chumba cha watu namna hii. Akatafuta ufagio akayafagia yote.

Hajajua! Nimemwambia Scholastika walale wao chumba kikubwa, mimi napenda upepo wa ziwa. Nitalala kwenye kiti cha ufukweni.

Jumamosi, 7 Juni

Upepo wa ziwa siupendi. Shingo haigeuki upande wa kushoto.

Chai ilikuwa ya kujipakulia. Kuku, soseji, matunda, mikate ya kila umbo. Sikuweza kukaa meza ya Mama Mkwe, kwa hiyo nilikula nimesimama nyuma ya nguzo. Mhudumu akaniuliza kama tumegombana na mke wangu. Nikasema ndiyo, maana kwa upande mmoja ni kweli.

Kisha maduka. Mama Mkwe alisimama mbele ya kichupa cha mafuta ya alizeti, kidogo kama cha dawa ya macho, kimefungwa utepe. Muuzaji akaeleza kwamba ni ya kupaka usoni, yametoka mbali. Mama Mkwe akasoma nyuma: Ikungi, jirani na kwao. Akamuuliza Scholastika kama huyu kijana ana wazazi. Scholastika akacheka hadi akakaa chini, mke wangu aliyenikunjia uso tangu Pasaka!  Mpango unafanya kazi, nikasema. Akabaki dukani akijaribu kofia, anaimba.

Hapo hapo Jenifa akatokea na kigari cha gofu. Viti viwili tu nyuma ya dereva. Akamshika Mama Mkwe mkono akampandisha, kisha akanisukuma mimi pembeni yake. Bega kwa bega na mama mkwe! Nikageuka nikampa mgongo, miguu ikining'inia nje. Kijana wa usukani, Alphonce, alikuwa mbele yetu, na ndiye akawa ukuta wetu. Mama Mkwe akamwambia Alphonce amwambie huyo mtu asije akaanguka. Nikamwambia Alphonce amwambie mama nashukuru. Alphonce akaninong'oneza nimwombe tu msamaha, mke ni mke.

Uwanja wenyewe ni majani mabichi hadi macho yanachoka, yanamwagiliwa kutwa. Mama Mkwe akauliza eneo lote hili ni la nani na mbona hamna hata ng'ombe mmoja. Alphonce akasema ng'ombe hawaruhusiwi, watu wanapiga kampira kadogo kakaingia shimoni. Mama akauliza, na kakishaingia? Wanakatoa. Mama Mkwe akafumba macho. Nadhani alikuwa anawaombea.

Alphonce akasimamisha kigari akashuka, na mpiga picha akaruka mbele yetu. Tabasamu! Sogeeni! Mama Mkwe akajifunika nusu ya uso kwa kitenge kwa ajili ya heshima. Mimi nikaangalia juu kwa ajili ya heshima hiyo hiyo. Akatupiga picha kama ishirini. Akasema hajaona wapendanao wenye aibu nzuri namna hii.

Nikamwomba Mungu Mama Mkwe awe hajasikia. Hakuwa amesikia. Lakini mchana yakaja maelezo ya nyumba. Ukumbi umejaa wakurugenzi wa kweli. Jenifa akashika kipaza sauti: sasa tuwapigie makofi wapendanao wetu wa wiki, Bwana na Bibi Urbano, wasimame! Akanyoosha mkono. Kwangu. Kwa Mama Mkwe. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mtu akapiga vigelegele!

Mama Mkwe akageuka polepole. Akanitazama usoni.

Miaka kumi na minne hajawahi. Sikujua macho yake yana rangi ya kahawia. Nimetazamwa na afisa wa polisi, na askofu, na fisi mmoja huko Itigi, lakini sijawahi kuogopa hivi. Kisha akasimama, akaenda hadi ukutani, akauambia ukuta, taratibu, kwamba kesho ni Pentekoste na yeye anakwenda kusali kwao.

Jumapili, 8 Juni

Basi la kwanza. Mama Mkwe mbele kabisa, mimi nyuma kabisa, Scholastika katikati. Mara moja alikuja kukaa karibu nami. Aliniuliza jambo moja tu: Baba Emiliana, kwa nini hukukana? Nikamweleza kwamba kulikuwa na chai ya kujipakulia. Akanitazama kwa huruma, akarudi kwenye kiti chake.

Walishuka Issuna bila mimi. Ila dirishani Scholastika alinipa ujumbe: mama amesema Mzee hatasikia habari hii kutoka kinywani mwake. Aibu hii ataimeza mwenyewe. Kumbe bado nina nafasi! Mama Mkwe ni mtu mwema kuliko ninavyostahili. Nimesema hivyo kwa sauti, hapa jikoni, jogoo akiwa shahidi.

Jumatano, 18 Juni

Bango!

Nilitoka kununua chumvi. Njia panda ya Mkiwa, mahali mabasi yote yanaposimama, mahali dunia nzima inaponunua mahindi ya kuchoma. Bango refu kuliko nyumba. Mimi na Mama Mkwe kwenye kigari cha gofu! Yeye amejifunika kwa kitenge kama bibi harusi. Mimi naangalia mbinguni kama niliyejibiwa maombi. Chini yetu: Heroe Risoti. Juu yetu: PENZI HALIZEEKI.

Nilikaa chini barabarani. Mama muuza mahindi akanipongeza kwa mke mpya.

Na nani akashuka kwenye gari la kutoka Rungwa na ndoo yake? Antipasi. Alisimama chini ya lile bango. Akavua kofia. Akaiweka ndoo chini. Akapiga picha kwa simu yake, akapanda gari la Issuna, na hakunisalimia.

Nikaazima ngazi na debe la chokaa. Ngazi ilifika chini ya picha tu. Nikafuta nilichoweza kabla mtendaji wa kijiji hajaja kunishusha. Nimefuta jina la risoti. Sasa hakuna maelezo tena. Nimebaki mimi, Mama Mkwe, na PENZI HALIZEEKI.

Jumapili, 22 Juni

Kikao. Nilikwenda nimevaa suti ya harusi. Ilikuwa kosa, watu walinong'ona.

Simu ya Antipasi ilizunguka wazee wote. Mmoja aliomba miwani. Mzee Nathanaeli alinigeuzia mgongo, na kwa mtu kama yule ni bora angenipiga. Nikajieleza. Nilianza na friji bovu nikafika kwenye bango, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuzama. Mwisho nikaacha. Nikasema tu kwamba nyumba yangu haina mtu wa kucheka, na nilitaka acheke. Nilisema hivyo mbele ya Antipasi! Sikujali.

Wazee wakahukumu: nilete kondoo wa kufuta aibu, apewe Mama Mkwe. Kuhusu Scholastika, wakasema abaki kwao. Nikahisi baridi ya ule usiku wa ufukweni.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mlango. Mama Mkwe alikuwa anauambia ukuta. Alisema yeye ameitwa mke wa huyo mtu siku mbili, na ameona kazi yake. Kwa siku mbili mnamlipa kondoo. Huyu binti amevumilia miaka kumi na minne, mbona hakuna aliyefikiria kumpa hata kuku? Kondoo apewe Scholastika. Na kama anataka kurudi, asirudishwe wala asizuiwe, aulizwe mwenyewe.

 Hakuna aliyekuwa amemuuliza, hata mimi. Tangu Pasaka nimepanga kila kitu, na sikumuuliza.

Nikamuuliza. Akatazama chini. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Akasema anarudi, kondoo ni wake na asiguswe, na nikipanga mpango mwingine wowote atakwenda Issuna na safari hii atachukua na jogoo. Nikaapa. Mkono kifuani, mbele ya wazee, mbele ya ukuta. Mipango basi. Nimekwisha kuwa mtu mzima.

Jumatatu, 23 Juni

Scholastika yuko nyumbani! Nimeamka nimekuta uani pamefagiliwa, chai iko mezani, na anaimba. Kondoo niliyemnunua jana jioni amefungwa kwenye mpapai. Nimelia kidogo nikasingizia moshi. Sina ninalotaka tena duniani.

Saa nne simu ikaita. Jenifa. Anasema bango la Mkiwa limependwa mno, hasa baada ya ule ubunifu wa kuondoa jina, watu wanapiga simu redioni kuuliza ni wapi. Uongozi umeamua kutuzawadia mimi na mke wangu juma zima. Kila kitu bure! Sharti ni wale wale wawili wa kwenye picha.

Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Huu si mpango. Mpango ni kitu ninachobuni mimi, na hili limekuja lenyewe kwa simu. Kazi iliyobaki ni ndogo sana: kumpata Mama Mkwe. Hatakubali kuja bila Mzee Nathanaeli, hilo naelewa, na sharti wanalo la mume mmoja tu. Lakini nimeuliza, na nafasi ya mtoto bado ipo. Mzee si mrefu. Nimelitoa sweta la Emiliana kwenye sanduku nikalipima kwa mikono, na nadhani, akikunja mabega kidogo, litamwingia.